Usiku wa Mayowe Nyamirambo

Damu ya kwanza niliyoipika ilikuwa nyepesi mno. Nilichemsha sukari na maji kwenye jiko la mkaa uani, nikatia rangi nyekundu ya keki, ikatoka kama sharubati ya harusini. Mwongozaji alichovya kidole, akakiinua juani, akatikisa kichwa. Nikaongeza kijiko cha kakao, kisha cha pili, nikaacha sufuria itokote mpaka mapovu yakawa yanapasuka polepole kama ya uji mzito. Ilipopoa ilishika ukingoni, ikateremka kwa uzito, na ilipokauka kwenye kitambaa cheupe ikageuka kahawia. Tulishangilia. Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye kigoda akichambua maharage. Alikitazama kile kitambaa, akaweka ungo chini, akaingia ndani na kufunga mlango. Hakutoka mpaka tulipomaliza kuosha sufuria.

Ilinichukua zaidi ya wiki kuelewa alichoniambia kwa mlango ule.

Ilikuwa kiangazi cha 2015, Nyamirambo, Kigali, kwenye mteremko unaopanda kuelekea Mlima Kigali. Tulikuwa watu saba na faranga laki tisa za kuchangishana, fedha ambazo nusu yake iliishia kwenye chakula na nauli za pikipiki za usiku. Kamera ilikuwa ya picha za mnato, ya kuazima. Taa tatu, moja ya fundi ujenzi. Kinasa sauti kilikuwa changu. Nilikinunua kwa fedha za kurekodi kaswida na harusi pale mtaa wa Biryogo. Kazi yangu ilikuwa sauti. Damu niliongezewa kwa sababu ndimi niliyekuwa nikifika mapema.

Filamu ilikuwa ya kutisha, na hadithi yake ya kisasi. Wanawake watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wafanyakazi wa ndani katika nyumba moja. Bwana wa nyumba aliwafanyia alichowafanyia. Wawili walishakufa. Wa tatu yu hai, na ndiye anayewafungulia geti wenzake usiku wanaporudi. Mwongozaji wetu, binti wa miaka ishirini na sita, aliiandika mwenyewe. Kabla ya kurudi shule alifanya kazi za ndani miaka miwili, na aliyajua yale mabanda ya uani, vitanda vya chuma, na milango isiyo na komeo upande wa ndani.

Wahusika walizungumza kama watu wa Biryogo wanavyozungumza, Kiswahili na Kinyarwanda vikipokezana katika sentensi moja. Walikuwepo waliotuonya kwamba sinema ya Kiswahili Kigali itaonekana ya wahuni. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla Kiswahili hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda, na wengi bado walikihesabu lugha ya gereji na stendi. Sikukubaliana nao wakati ule na sikubaliani nao leo. Mama yangu alinilea kwa lugha hiyo, akaniombea dua kwa lugha hiyo. Inatosha kumwogopesha mtu na inatosha kumliza.

Sinema za kutisha sisi tulizijulia kwenye mabanda ya video, kwa mtindo unaoitwa agasobanuye. Filamu ya ng'ambo inakwenda, na juu yake mfasiri anasimulia kwa Kinyarwanda, anaonya, anashangaa, anamsema adui kabla hajatokea. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Nkusi Thomas, tuliyemwita Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Uganda wana wafasiri wao, Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, kwa hiyo nasema jambo ambalo watu wengi wa eneo hili wanalijua kwa masikio yao. Mtindo huo ulitulea, na ninaupenda. Lakini una kitu kimoja nilichokuja kukitambua nilipoanza kazi ya sauti: yowe halidumu. Mwanamke anapiga ukelele msituni, na papo hapo sauti ya mfasiri inaufunika kwa kutueleza kwa nini anapiga. Tulikua tukiona midomo iliyoachama. Sauti yenyewe hatukuisikia.

Kikao cha kwanza cha waigizaji kilivunjika kwa sababu ya panga. Lilikuwa ukurasa wa nne wa skripti: mwanamke wa kwanza anatoka jikoni ameshika panga, mwezi unameta kwenye makali. Picha hiyo tumeiona mara elfu katika sinema za nchi nyingine na hatukuifikiria. Mwigizaji wetu mkubwa kwa umri, ambaye mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, alikuwa mtoto wa miaka minane, alisoma hadi hapo, akafunga karatasi. "Mimi hicho sikishiki," akasema. Hakupandisha sauti. Mwongozaji akajaribu kumwambia kwamba filamu haihusu 1994, ni ya wafanyakazi wa ndani, ni ya leo. Akajibu, "Dada, ukilishika panga hapa Kigali, nani atakuuliza ni la mwaka gani?"

Tukaliondoa panga. Rungu nalo likaondoka, kisha moto, kisha mwili uliolala kando ya barabara. Kila kitu ambacho mtengenezaji wa sinema ya kutisha hukiokota bila kufikiri, kwetu kilikuwa kimeshashikwa na mtu halisi na kutumika kwa mtu halisi. Hofu haikuwa ya kuundwa, ilikuwepo, na swali likawa tuna haki gani ya kuiamsha. Nakumbuka tukikaa kimya kuizunguka meza ya plastiki, skripti imejaa mistari ya kalamu nyekundu, na mwongozaji akaniuliza, "Kimebaki nini?" Nikamwambia zimebaki sauti.

Kwa hiyo tukaanza upya kwa sauti. Bati linalotanuka jua likizama. Ndoo inayoburutwa sakafuni. Komeo. Nilitumia usiku mzima kurekodi komeo moja la chuma, kwa karibu na kwa mbali, kwa haraka na kwa kusitasita, hadi nikawa ninasikia ndani yake mkono unaotetemeka.

Kitu kimoja hatukukigusa. Katika skripti, usiku wa yule wa kwanza, palikuwa na sentensi fupi: anapiga yowe, hakuna anayesikia. Ni sentensi ya kawaida katika aina hii ya sinema. Nyumba huwa mbali na watu, kando ya ziwa au katikati ya msitu, ili mwanamke awe peke yake kwanza katika mateso, kisha katika kisasi. Ile filamu ya Meir Zarchi ya 1978, I Spit on Your Grave, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo na kulaaniwa kwingi, yote imejengwa juu ya nyumba ya mto iliyojitenga huko Connecticut. Sisi tulikuwa Nyamirambo. Pale, ukikohoa usiku, jirani anakupa pole asubuhi. Nyumba zimebebana mlimani, paa la huyu liko usawa wa kizingiti cha yule. Bado tuliandika kwamba hakuna anayesikia, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona kasoro.

Usiku wa tatu, saa tano na nusu, tukapiga picha ya yowe. Mkuu wa mudugudu, kitongoji chetu, alikuwa na taarifa, na vijana wa irondo, doria ya usiku, pia. Majirani wa karibu tuliwaambia, wa mbali kidogo hatukuwaambia. Mwigizaji alisimama kwenye mlango wa banda la uani, damu yangu ya sukari ikimshuka kutoka kwenye nywele hadi kidevuni. Nilivaa hedifoni, nikainua ile fimbo yenye maikrofoni, nikampa ishara mwongozaji.

Alipiga yowe ambalo sikulijua. Kwenye mazoezi alipiga la sinema, la juu na refu. Hili lilianza chini, kama anayeitwa, likapanda, likakatika, likaanza tena. Likavuka bonde, likagonga upande wa pili, likarudi. Kwenye hedifoni nilisikia mbwa. Kisha mlango. Kisha mlango mwingine. Nilidhani ni mwangwi wa milango yetu. Kisha kandambili, nyingi, zikishuka kwenye ngazi za udongo, na sauti ya mwanamume ikiita "Turaje! Turaje!", tunakuja, na sauti nyingine ikiipokea juu zaidi, na nyingine juu ya hiyo, mlima wote ukiamka.

Geti halikugongwa, lilisukumwa. Waliingia watu wasiopungua thelathini. Mbele yao alikuwa bibi mmoja, mukecuru kwa heshima ya hapa, amejifunga kitenge kwapani, miguu mitupu, mkononi ameshika mwiko wa ugali. Aliuliza kwa Kinyarwanda kisha kwa Kiswahili: "Nani anampiga mtoto?" Hakungoja jibu. Alimwendea yule mwigizaji, akamshika uso kwa viganja viwili, akampangusa paji la uso kwa kidole gumba. Akasita. Akakinusa kidole, akakigusa kwenye ulimi.

"Ni sukari," akawaambia waliokuwa nyuma yake. Akarudia, "Ni sukari tu."

Wengine wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja alianza kulia na hakuweza kunyamaza. Kijana mwenye umri kama wangu alikaa chini palepale vumbini, kichwa katikati ya magoti. Mwongozaji aliomba radhi, akaomba tena. Mimi nilikuwa bado nimeinua ile fimbo, mikono imekufa ganzi, na kinasa sauti kilikuwa bado kinazunguka. Sikukizima. Sijui kama ni kwa kusahau au ni kwa kujua.

Kwa asiyetoka Rwanda nieleze. Hapa, yowe la usiku ni wito, na kuitikia wito huo kunaitwa gutabara. Ukisikia induru unatoka, nawe unaipiga ili wa mbali waisikie, unakimbia inakotoka. Asiyetoka ataulizwa kesho yake alikuwa wapi. Ni desturi ya zamani sana, na ndiyo iliyovunjwa vibaya mwaka 1994, pale watu walipopiga induru wakaitikiwa na waliokuja kuwamaliza, au wakaitikiwa na kimya cha majirani waliolala macho wazi. Wale thelathini walioingia uani kwetu walikuwa na umri wa kukumbuka. Walitoka vitandani mwao wakijua kutoka ni nini, na walitoka.

Mukecuru hakurudi nyumbani usiku ule. Alitaka kuona tunafanya nini. Aliletewa chai na kiti, akakaa pembeni ya taa, na usiku uliofuata akarudi tena na shali. Alikuwa mtu wa upande wa Byumba, nchi ya zamani ya Ndorwa, na alipoisikia hadithi yetu alisema anaijua. Akatusimulia habari za Nyabingi, kwa namna anavyozijua yeye, kwani simulizi hizo ni nyingi na kila kilima kina yake. Mwanamke mkubwa aliyeuawa kwa hila, roho yake ikarudi kuwasumbua waliomuua na waliofaidika, mifugo ikafa, watoto wakaugua, mpaka watu wakakubali kumjengea kibanda na kumzungumzia kwa jina lake. Wanawake ndio waliokuwa wakisema kwa sauti yake. Mmoja wao, Muhumuza, aliwapigania watu wa Ndorwa dhidi ya wakoloni hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1911, wakamzuia Kampala, na huko ndiko alikofia mwaka 1945. 

Aliposema hayo nilijua tulikuwa tumesimama ndani ya jambo la kale kuliko kamera. Tulidhani tumeazima aina ya sinema kutoka ng'ambo, kumbe mwanamke aliyekufa anayerudi kudai alikuwa mwenyeji wa milima hii. Wajapani nao wanamjua: katika Kuroneko ya Kaneto Shindo, ya 1968, mama na mke wa mwanawe wanaouawa na samurai wanarudi usiku kuwangoja samurai njiani. Waswahili tunao majini wa kike kwenye sinema za Dar es Salaam, kama Shumileta ya Mussa Banzi. Na miaka minne baada ya usiku wetu, Mati Diop alipata Grand Prix huko Cannes kwa Atlantique, ambamo wanawake wa Dakar wanaingiwa na roho za vijana waliozama baharini na kwenda kumdai tajiri mishahara yao. Nilipoiona filamu hiyo nililia kwenye kiti, kwa sababu wale wanawake hawakuja na kisu. Walikuja wakakaa sebuleni, wakadai.

Lakini lililobadilisha filamu yetu ni swali la mukecuru, aliloliuliza akiwa anakoroga chai. "Huyu bwana wenu, alikuwa hana majirani?"

Mwongozaji akamwambia wapo. Ni nyumba ya mjini, ina majirani pande zote.

"Basi walisikia," akasema mukecuru.

Hapakuwa na picha iliyopigwa usiku huo. Tuliketi mpaka adhana ya alfajiri tukiandika upya nusu ya pili. Sentensi ile ya hakuna anayesikia ilikuwa uongo, na kila kitu chetu kilikuwa kimesimama juu yake. Majirani walisikia mara tatu, miaka mitatu, wanawake watatu. Waliongeza sauti ya redio. Na yule aliye hai, ambaye katika skripti ya kwanza hakuwahi hata kushtaki, sasa alishtaki. Hilo tulilifikiria kwa makini, maana Rwanda ilikuwa na sheria ya mwaka 2008 dhidi ya ukatili wa kijinsia, na tangu 2009 kipo kituo cha Isange, hospitali ya Kacyiru, ambapo mwanamke anapokelewa na daktari, mpelelezi na mshauri mahali pamoja. Tusingeweza kuandika kana kwamba hayo hayapo. Kwa hiyo alikwenda, akasikilizwa, faili likafunguliwa. Kisha ikatakiwa sauti ya jirani, na mtaa mzima ukasema haukusikia kitu.

Hapo ndipo kisasi kilipopata njia yake. Wawili waliokufa wanarudi, wa tatu anajiunga nao, na hawaendi moja kwa moja kwa bwana. Wanaanza mwisho wa mtaa. Wanabisha hodi kwenye nyumba ya kwanza, kwa adabu, kama wageni, na kuuliza swali moja: ulisikia? Kisha nyumba ya pili. Bwana yuko sebuleni kwake, na anachokisikia ni hodi zikisogea. Tulimwacha mwisho kabisa, na kamera haikuingia naye ndani. Damu yangu yote niliyoipika ilionekana kwa sekunde zisizozidi kumi.

Baadaye nilisoma jinsi Zarchi alivyopata wazo la filamu yake, nikaelewa kwamba hata yeye alianzia pale pale tulipofika sisi. Mwaka 1974, New York, yeye na rafiki yake walimkuta bustanini msichana aliyebakwa na kupigwa, wakampeleka polisi. Afisa akashikilia taratibu na maswali ilhali msichana ameumizwa taya, hawezi hata kusema. Zarchi hakusahau. Nadhani alichokikasirikia zaidi ni yule aliyekaa nyuma ya meza na sikio lililofungwa. Kwenye filamu yake meza hiyo haionekani. Zilibaki nyumba iliyojitenga na damu nyingi. Simlaumu. Lakini naona alimwondoa mtu ambaye angetutisha kuliko wale wanaume wake.

Watu waliniuliza, na wengine bado wananiuliza, kama ni sawa kutengeneza hadithi ya kisasi katika nchi hii. Kinyarwanda kina neno inzigo, uadui wa damu unaorithiwa, na nchi imefanya kazi ngumu mno kuuzika. Ninawajua wanawake wa Kigali wanaonunua nyanya kwa mtu ambaye baba yake walimsikiliza kwenye gacaca, mahakama zile za majani zilizofungwa mwaka 2012. Wanapokea chenji, wanasema asante. Hawakulipiza. Nguvu iliyohitajika kwa hilo mimi sina maneno yake. Lakini kutolipiza hakumaanishi kwamba hawakuwa na swali, na mara nyingi swali lao halikuwa kwa muuaji. Muuaji alishasema alichosema. Lilikuwa kwa yule wa nyumba ya pili.

Tulionyesha filamu uani Biryogo, shuka jeupe, projekta ya kuazima, viti vya plastiki vilivyokuja na wenyewe. Mama mwenye nyumba alikaa mstari wa mbele. Hodi ya kwanza ilipobishwa kwenye shuka, watu walicheka. Ya tatu hawakucheka. Ya tano ilipobishwa, hakuna mtoto aliyelia wala kiti kilichosogezwa. Mwisho shuka lilikuwa jeusi kabisa, hakuna picha, na hapo tuliweka ile rekodi ya usiku wa tatu, dakika nne na sekunde kumi na moja: yowe, mbwa, milango, kandambili, "turaje". Waliotoka usiku ule walijisikia wenyewe wakija.

Ili tuitumie, ilibidi kabla ya hapo tupite nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Mwongozaji na mimi, jioni tatu mfululizo. Wengi walikubali wakiwa bado mlangoni. Mukecuru alitaka kujua tu kama sauti yake inasikika vizuri. Nyumba ya mwisho, iliyo juu kidogo ya ua wetu, ilikuwa ya mzee aliyetukaribisha ndani, akatupa Fanta, akatuuliza habari za wazazi wetu. Tulipomweleza tulichokuja kuomba alinyamaza kwa muda. Kisha akasema yeye usiku ule aliamka. Alivaa viatu. Alifika mlangoni, akashika komeo.

"Kile kifaa chenu," akaniuliza, "kinanasa pia mtu ambaye hakutoka?"

Nilimwambia ninayo rekodi kwenye begi. Akaomba kuisikia. Nilimvisha hedifoni, nikamrekebishia ukanda kichwani, nikabonyeza. Alifumba macho. Dakika nne zote alikaa wima, mkono mmoja umeinuka kidogo kutoka gotini, akiutafuta mlango wake katikati ya milango ya wengine.